Tupeane uzoefu: tuliosoma kwenye madarasa ya mawe ya zamani, Moshi vijijini

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilipanda Old Moshi msibani, nikapitia shule niliyoanzia darasa la kwanza. Lile jengo la mawe bado lipo, na watoto wamo ndani wanaimba jedwali la saba. Kizingiti cha mlango kimelika katikati kwa nyayo, kimebonyea kama kinu. Nilikikanyaga peku nikiwa na miaka saba. Machozi yalinilenga.

Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walianzia Machame 1893, wakaenda Mamba, na 1896 wakawa Kidia, hapo hapo Old Moshi. Penye kanisa, shule haikuwa mbali. Ila mawe ya shule yetu, bibi alinisimulia, waliyabeba yeye na wenzake kichwani kutoka mtoni. Wewe ulisoma wapi?

Wa Marangu: Pole na msiba, mkuu. Kwetu Ijumaa ilikuwa siku ya sakafu. Unakuja na kinyesi cha ng'ombe kwenye jani la mgomba, mwenzako analeta maji ya mfongo (mfereji wetu wa asili), tunapaka darasa zima ili vumbi na funza visitusumbue. Jumatatu sakafu imekauka, ngumu, inanukia nyasi. Kengele ilikuwa rimu ya lori juu ya mti wa mringaringa. Ipo mpaka leo.

Wa Kibosho: Baba alisoma shule yetu ya Kibosho ikiwa ya misheni, kabla ya serikali kuzitaifisha shule hizo 1969. Nami nikasoma hapo hapo, na sasa binti yangu yuko la nne. Kinachoniuma ni ukuta. Ulipigwa lipu ya saruji, baada ya masika mawili ikaanza kubanduka vipande vipande, na mawe ndani yamelowa.

Fundi, Moshi mjini: Ndugu wa Kibosho, hilo nimeliona mara nyingi. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unanaswa ndani, chokaa inalainika, ukuta unaanza kuachia. Bandueni lipu hiyo taratibu, msigongegonge, mzibe kwa chokaa na mchanga. Na mfereji wa maji ya paa usimwage kwenye msingi. Tafadhali msikubali kuambiwa dawa ni kubomoa.

Mwanzisha mada: Fundi, ubarikiwe. Hata letu lina ufa upande wa mlimani, kiganja kinaingia. Desemba tukirudi nyumbani naomba tupande wote ukaukague. Chokaa nitanunua mimi, na vijana wa kusomba mchanga nimeshaongea nao.