Vita vya Shela: je, Ngome ya Lamu yatosha kuwa ukumbusho wake?

Mzaliwa wa Shela
Asalaam aleikum. Tangu utotoni nasikia habari za vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1810, ambapo Wamazrui waliotawala Mombasa na watu wa kisiwa cha Pate walishuka hapa kwetu Shela, kisiwani Lamu, wakashindwa na watu wa Lamu. Simulizi husema maji yalikupwa, majahazi yakakwama, na waliotaka kukimbia wakakosa njia. Upepo wa kusi ulipofukua vilima vya mchanga, mifupa ilionekana. Bibi yangu alitukataza kuichezea: tuliifukia kwa viganja, kisha tukasimama naye tukawasomea Fatiha watu tusiowajua majina. Ngome ya mjini inalindwa kisheria, na mji mzima umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Je, ngome hiyo yatosha kuwa ukumbusho wa vita vile, au mchanga wa Shela nao wastahili alama yake?

Mzee wa Mkomani
Wa aleikum salaam, mwanangu. Ngome ilikamilika mnamo mwaka 1821, baada ya wakubwa wa Lamu kuomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani kwa kuhofia kwamba Mombasa ingerudi kulipiza kisasi, kwa hiyo huwezi kuitenga na vita vile. Hata hivyo, hadi mwaka 1984 ilikuwa jela, na sisi wa rika langu tulipopita Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, tuliutazama mlango wake kwa woga, wala hapakuwa na aliyewaza ushindi wa babu zetu. Kilichoihifadhi habari hiyo ni ndimi za watu, pamoja na mashairi ya kujibizana baina ya Lamu na Mombasa, ambayo washairi Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka wa Mombasa wanatajwa nayo hadi leo. Kibao nakikubali. Mnara wa saruji siutaki hata kidogo, kwa sababu vilima vile ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya visima, na anayeanza kwa mnara kesho ataomba kiwanja.

Mkaazi wa Malindi
Shikamoo, mzee. Huku kwetu kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Nimeipita mara nyingi siku za kawaida bila kuinua macho. Lakini Wamijikenda wanapokuja kumwadhimisha kwa ngoma na mavazi yao, na akina mama wazee wakiwa mbele, hata mtoto wa chekechea huuliza huyu ni nani, na hapo ndipo anaposimuliwa. Kwa hiyo naomba Shela wasiishie kwenye kibao: wachague siku, na madarasa yapeleke watoto wakaelezwe papo hapo ufuoni.

Mjukuu wa Pate
Nimesoma yote kwa makini, na naomba nisikilizwe kwa wema. Kwetu vita vile havikusimuliwa kwa fahari. Nyanya yangu akifika hapo hupunguza sauti, husema tu kwamba wapo waliokwenda Lamu wasirudi, kisha hurejea kwenye ukili wake. Ngome ni ukumbusho wa aliyeshinda, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini wengi wa waliolala mchangani ni wetu na wa Mombasa, nao hawana jengo. Nairobi kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, na miongoni mwa sanamu zake tatu yumo mpagazi, mtu aliyebeba mizigo ya jeshi, lakini wapagazi wengi hawakuandikwa jina popote. Mkiweka kibao kinachosema "ushindi wa Lamu" peke yake, mtakuwa mmewazika mara ya pili. Leo tumeoleana, na watoto wangu wana damu ya pande zote mbili. Nikiwapeleka Shela, niwasomee nini?

Mzaliwa wa Shela
Ndugu yangu wa Pate, nashukuru, kwa maana nilipouliza sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeandika maneno haya, ambayo nitampelekea mzee Mkunguni baada ya swala ya Alasiri ili ayasahihishe: "Katika mchanga huu walikufa watu wa Lamu, wa Pate na wa Mombasa. Tafadhali usichimbe. Ukiona mfupa, ufukie, uwaombee." Je, upande wenu mngependa Pate itangulie?