Ushauri: Siku moja ya kujifunza rally kwa asiyejua kitu, nichague ipi kati ya hizi mbili?

Mbao Kavu (mleta uzi)
Wakuu, kamwene. Nipo Mafinga, nauza mbao. Naendesha mwaka wa kumi na moja sasa, lakini rally sijawahi. Nataka siku moja tu ya kufundishwa kuendesha barabara ya vumbi inavyotakiwa. Nina njia mbili.

Ya kwanza: kuna jamaa upande wa Ifunda ana Subaru Impreza, anafundisha kwenye barabara za shamba. Laki sita siku nzima, unaendesha mpaka uchoke.

Ya pili: mwezi wa tisa naenda Uingereza kwenye mahafali ya dada yangu. Amesema atanilipia nusu siku kwenye shule ya rally kule Wales, kama zawadi. Ni saa tatu tu, na natakiwa nichague gari mapema: la kusukuma nyuma, yaani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, au la kuvuta magurudumu yote manne.

Mimi moyo uko Ifunda. Naomba mawazo, nina haraka kidogo.

Mnyalu wa Kihesa
Laki sita! Kwa hela hiyo panda lori la magogo ukae pembeni ya dereva kutoka Mgololo. Utaona rally ya bure na sala utazikumbuka zote. Nakaa hapa na ulanzi wangu, ngoja waje wenye ujuzi.

Mama Parachichi
Mwanangu, laki sita ni mifuko mingapi ya mbolea? Vijana wa siku hizi mnatafuta kifo kwa risiti. Una mke?

Gia ya Pili
Mkuu, gari ni jambo la mwisho. Hiyo Subaru ina keji? Nasema yale mabomba ya chuma yanayofungwa ndani, yanayoshika paa lisikulalie gari likibiringika. Viti ni vya rally au vya kiwandani? Mikanda ni ya kawaida au ile inayopita mabega yote mawili? Na huyo jamaa anakaa pembeni yako au anasimama kwenye kivuli anakupungia mkono?

Mbao Kavu
Mama, nina mke na watoto wawili. Mkuu Gia, gari limefungwa springi ngumu na matairi mapya. Jamaa ana uzoefu, amewahi kuwa msoma ramani kwenye mashindano.

Gia ya Pili
Sijauliza springi. Keji ipo?

Tingatinga la Uyole
Mimi Naivasha, kwenye Safari Rally ya Kenya, nilikuwepo 2022, mwaka ule Toyota walipochukua nafasi nne za kwanza, yule Mfini Rovanperä akiwa mbele. Tulilala saba kwenye Noah. Lile vumbi laini la kule, gari linazama kama kwenye unga wa sembe, halafu linatoka upande wa pili limenyooka. Tangu siku ile nikiendesha Igawa kuja Mbeya nasikia mtu ananisomea kona kichwani: kushoto tatu, inabana, usikate. Kwa asiyejua, wengi wanazipanga kona kwa namba. Moja ni ya kujikunja kabisa, sita unapita na mwendo wako.

Mstaafu wa Makambako
Mnataja Wafini, na mtu wa hapa mmemsahau. Bert Shankland aliishi Dar es Salaam, akashinda Safari 1966 na 1967 na Peugeot 404, mara mbili mfululizo. Marehemu baba alikuwa fundi Dar miaka hiyo. Alinunua 404 kuukuu akatuapia kuwa injini ni ileile ya ushindi. Tulipanda saba kwenda Kisarawe, ikachemsha maji kabla ya Pugu, na baba akasema hata Shankland ilimchemshia. Tulimwamini mpaka tumekuwa watu wazima.

Mama Parachichi
Mzee, kijana ameuliza siku ya mafunzo.

Mstaafu wa Makambako
Nami nimemjibu. Aanze na gari la kusukuma nyuma.

Mbao Kavu
Nashukuru wote. Keji haina. Ni gari la kawaida la barabarani. Lakini jamaa anasema hatuendi zaidi ya themanini, na tayari nimeshampa advansi laki mbili, hairudi. Kwa hiyo swali langu lilikuwa zaidi kama siku nzima inatosha.

Gia ya Pili
Sasa tunaongea. Sitafuni maneno: themanini kwenye kokoto inatosha kabisa kulaza gari. Na soma bima yako leo hii. Nyingi zimeandika wazi kuwa mashindano na majaribio ya mwendo hazilipi. Ukivunja gari la mtu pale shambani ni wewe na yeye, na mkataba sidhani kama mmeandikiana. Muulize pia kama AAT, chama cha magari cha Tanzania, wanamtambua. Laki mbili hiyo iache iende. Haraka ya nini?

Mbao Kavu
Haraka ni yangu binafsi mkuu.

Mama Parachichi
Hapo ndipo penye kidonda. Sema, mwanangu. Hapa hatukujui sura.

Mbao Kavu
Sawa. Mwezi wa tatu nilipata ajali barabara ya kwenda Mgololo. Mbele kulikuwa na lori la magogo, vumbi limetanda sioni kitu. Nikataka kulipita, kona ikatokea, nikakanyaga breki. Nyuma ya gari ikaja mbele. Tulibiringika mara moja, tukasimama tairi juu.

Mdogo wangu alikuwa kushoto. Alikuwa anakula karanga, kifuko kiko mapajani. Gari lilipotulia niliziona karanga zimetapakaa kwenye dari, na dari ndiyo ilikuwa chini yetu. Redio inaendelea kuimba. Alivunjika mtulinga, na mkono wa kushoto mpaka leo hauinuki kupita bega. Mimi sikupata hata mchubuko.

Tangu hapo, nikiingia barabara ya vumbi mguu wa kulia unakufa ganzi. Nakanyaga breki hata pasipo na kitu. Kwenye lami niko sawa. Lakini mbao zangu haziko kwenye lami, ziko msituni. Mke anajua ajali, hajui habari ya mguu. Nimemwambia nakwenda semina ya misitu. Ndiyo maana nataka siku nzima na si saa tatu, na nataka barabara kama ile ile. Wales hakuna vumbi letu.

Mnyalu wa Kihesa
Pole sana kaka. Ule utani wa lori la magogo naufuta.

Tingatinga la Uyole
Pole mkuu. Shemeji yangu baada ya ajali ya Kitonga alikaa mwaka mzima hashiki usukani, sasa anaendesha basi. Linapita.

Mzaliwa wa Sao Hill
Samahani, mimi nina shida na hii habari. Nimezaliwa huku na msitu naujua. Mwezi wa tatu Mufindi vumbi linatoka wapi? Mwezi wa tatu ni mvua na tope, malori yenyewe yanavutwa na trekta. Vumbi la kufunga macho ni kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi. Wakuu, hii ni chai. Kesho ataleta namba ya kuchangia matibabu ya mdogo wake.

Mnyalu wa Kihesa
Duh. Kweli bana. Mwezi wa tatu tope tupu.

Tingatinga la Uyole
Na mimi nimeshatoa pole. Mleta uzi, njoo ueleze.

Mstaafu wa Makambako
Mtu asihukumiwe kwa mwezi mmoja. Ila ajibu.

Mbao Kavu
Mzaliwa yuko sahihi. Haikuwa mwezi wa tatu, ilikuwa Agosti mwaka jana. Nilibadilisha mwezi kwa sababu mdogo wangu anaingia humu, na Mafinga ni mji mdogo. Ningeandika Agosti angejua ni mimi kabla hajamaliza mstari. Sijaomba hela ya mtu na sitaomba. Karanga, redio, mtulinga, yote ni kweli, na ningependa yasingekuwa kweli.

Mzaliwa wa Sao Hill
Agosti nakubali. Ni ile kona baada ya daraja dogo, yenye tuta la kokoto upande wa kulia?

Mbao Kavu
Hiyo hiyo.

Mzaliwa wa Sao Hill
Basi niwie radhi kaka. Pale nimesaidia kuinua magari mawili kwa mikono yangu.

Klachi Nzito
Nimechelewa, nilikuwa safarini. Hiyo Wales anayoisema mleta uzi niliwahi kwenda. Nilisoma Uingereza, mwaka wa mwisho tukachanga watu wanne tukachukua nusu siku. Nikuambie kilivyokuwa, halafu uamue.

Kwanza wanaangalia leseni, kwa hiyo beba yako na umuulize dada wanataka ipi. Usukani uko kulia kama kwetu, hilo lisikusumbue. Wanakupa kofia ngumu na ovaroli. Gari lina keji, kiti kinakukumbatia, mkanda unakubana mpaka unapumua kwa mpango. Mwalimu anakaa pembeni, na hendibreki iko karibu na mkono wake. Gari la kwanza lilikuwa Ford Escort Mk2, la zamani, linasukuma nyuma. Baadaye Impreza.

Kwa saa tatu zote sikuvuka gia ya tatu, na muda mwingi nilikuwa kwenye ya pili. Watu wanadhani ni mwendo. Ni kona moja unairudia mara ishirini. Breki unazimaliza ukiwa bado umenyooka, mguu unatoka, ndipo unakata, halafu mafuta kidogo kidogo. Na macho yawe kule unakotaka gari liende. Ukitazama mti utaufuata mti.

Sasa sikiliza kilichokupata Agosti. Ulipokanyaga breki katikati ya kona, uzito wote ukaenda magurudumu ya mbele. Nyuma ikawa nyepesi, ikateleza. Kuteleza peke yake hakubiringishi gari. Lililokubiringisha ni lile tuta la kokoto: tairi limekwenda ubavu, limejikwaa pale, gari likapinduka juu yake. Mguu wako ulifanya kile mguu wa kila dereva unachofanya. Haukufundishwa kingine.

Mwalimu wangu alinifanya nilikosee gari makusudi. Alisema kanyaga hapa, nikakanyaga, tukazunguka tukatazama tulikotoka. Akasema tena, sasa usikanyage. Mara ya sita mguu ulikaa wenyewe. Hilo ndilo unalolihitaji, na halifanyiki kwenye gari lisilo na keji. Vumbi au tope, mguu ni ule ule.

Chagua la kusukuma nyuma. La magurudumu manne ni tamu, lakini linakufichia makosa.

Mbao Kavu
Nimesoma mara tatu. Hiyo ya tuta hakuna aliyewahi kuniambia. Nimekaa mwaka mzima najua ni uzembe wangu tu.

Lakini mwezi wa tisa ni mbali, na kila wiki namlipa dereva aingie msituni badala yangu. Kwa jamaa wa Ifunda nikienda polepole, arobaini tu?

Gia ya Pili
Unarudi kule kule. Utaanza na arobaini, saa tano asubuhi utakuwa sabini kwa sababu unajisikia vizuri. Mpigie, mwambie akifunga keji utakuja.

Mama Parachichi
Na mke aambiwe. Semina ya misitu ndiyo nini?

Mzaliwa wa Sao Hill
Kaka, nilikukosea, acha nilipe. Nina Corolla ya zamani na kuna uwanja wa magogo ulio tupu Jumapili, umesawazishwa, hakuna mti wala tuta wala shimo. Tunaweka matairi chakavu kama kona. Mwendo wa baiskeli, gia ya kwanza na ya pili, nakaa pembeni na hendibreki mkononi. Si rally. Ni mguu tu tunaufundisha kunyamaza mpaka mwezi wa tisa ufike. Hela sitaki. Saa mbili asubuhi, umande ukiwa bado umeshika vumbi. Viatu vya soli nyembamba, usije na mabuti ya shamba, utaikosa pedeli.

Mbao Kavu
Nitakuja. Nimempigia jamaa wa Ifunda, amecheka alipoisikia keji. Laki mbili imekwenda.

Dada nimemwandikia: la kusukuma nyuma, nusu siku.

Mke nimemwambia yote jioni hii, na habari ya mguu pia. Amekaa kimya, akainuka akaenda kutafuta raba zangu chini ya kitanda. Ameuliza kama Jumapili kuna nafasi ya mdogo wangu kukaa nyuma. Anasema mdogo wangu ndiye aliyemwonyesha huu uzi tangu juzi.

Mzaliwa wa Sao Hill
Nafasi ipo. Mikanda ya nyuma inafanya kazi, nimeikagua sasa hivi na tochi.