Darasa la tatu na maelekezo ya kupika chai: nisaidieni wakuu

Mwalimu wa Zamu:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiswahili darasa la tatu, watoto 74. Niliwapa kazi waandike jinsi ya kupika chai ya rangi. Mmoja kaanza "Hapo zamani za kale". Wengi wameandika "Mama anaweka maji jikoni, chai inaiva, tunakunywa." Majani hayapo, sukari haipo, sufuria ndiyo kabisa. Ukimuuliza kwa mdomo anakueleza vizuri tu. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe:
Weka kalamu nyekundu pembeni. Ingia darasani na sufuria, chupa ya maji, majani na jiko lisilo na moto. Soma kazi ya mmoja kwa sauti, ufanye kilichoandikwa, usiongeze akili yako. Kaandika "weka maji jikoni"? Isimamishe chupa juu ya jiko na kifuniko chake. "Tia majani"? Jifanye unamimina pakiti nzima (jifanye tu, bei tunaijua). Watapiga kelele "siyo hivyo!" Waulize: basi niandike nini? Wangu walileta wenyewe "bandika sufuria", "kijiko kimoja", "subiri yachemke", "ipua".

Mama Wawili:
Tamu, ila wenzake wakicheka, mwenye daftari analia. Soma ya kwako, uliyoikosea makusudi.

Chaki Nyeupe:
Kweli dada, lilinikuta hilo.

Pwani Tulivu:
Mimi naona tatizo ni chai yenyewe. Wengi hawaruhusiwi kugusa jiko. Wanaandika walichomwona mama akifanya, ndiyo maana inatoka hadithi. Wape kitu cha mikono yao, mfano mashua ya karatasi. Mmoja aandike, jirani akunje bila kuuliza swali. Kitenzi kitangulie: kunja, geuza, vuta. Mashua ikigoma, warudi kwenye sentensi, wasikugeukie wewe.

Mwalimu wa Zamu:
Mrejesho. Leo tumefanya mashua. Ugomvi ulianzia sentensi ya kwanza, "kunja karatasi katikati". Katikati ipi, ya urefu au ya upana? Dawati la nyuma wakapata kitu kama bahasha. Binti mmoja, ambaye huwa haongei, kafuta akaandika "kunja upande mfupi ukutane na upande mfupi wa pili". Sikumsaidia, naapa. Zilizoelea kwenye ndoo ni tatu. Kesho wanabadilishana jirani, tunarudia.