ATI GYMKHANA NI YA HARUSI?? Nani alimpa huyu mtu maikrofoni?

Wadau nimekasirika mpaka nachapa na kidole kimoja. Jana jioni niko kwa matatu natoka job, redio iko juu mpaka viti vinatetemeka, mara yule jamaa, mnamjua, yule wa kucheka kabla amalize kusema, anaulizwa mambo ya kriketi. Anajibu, "Gymkhana ya Nairobi? Si ndio ile ya harusi?" Halafu akacheka. Makanga akacheka. Dereva naye!

Harusi!

Huo ni uwanja wa kriketi! Pale Forest Road, Oktoba 4, 1996, kijana wa Pakistan anaitwa Shahid Afridi alisimama akiwa hajawahi kupata hata zamu moja ya kupiga kwa mechi ya kimataifa ya siku moja, na wa kumrushia mpira ni Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka huo huo. Akatandika mikimbio mia kwa mipira 37, siksi 11 (ile mipira inayovuka mpaka bila kugusa chini), mingine naamini bado iko hewani. Rekodi ya mia ya haraka zaidi ikakaa mpaka Januari 2014. Ni bwana harusi gani huyo?

Mwaka 2000 nchi 11 zikakuja hapo hapo kwa kombe la ICC, wakubwa wa kriketi duniani, kila mechi Gymkhana, fainali New Zealand wakawapiga India, Chris Cairns wao akapata mikimbio 102 na hakutolewa. Hiyo pia ilikuwa pilau na soda?

Na Kombe la Dunia la 2003 sikusimuliwa, nilikuwa. Jumatatu Februari 24, mzee aliandikia mwalimu ati niko na malaria. New Zealand walikuwa wamekataa kuja wakiogopa usalama, wakatuachia pointi bure, lakini Sri Lanka walikuja na walijuta. Sisi Kenya mikimbio 210, Kennedy Otieno peke yake 60. Halafu Collins Obuya akaanza kuzungusha ile mipira yake, wiketi 5, yaani akatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24 tu, Sri Lanka wote nje kwa 157. Mzee wangu, mtu hata mvua haikuwahi kumkimbiza, aliruka mpaka kiatu kikaruka safu mbili mbele, na mama mmoja wa Kihindi akakirudisha huku analia. Tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kupitia hiyo siku! Sasa mtu anasema harusi. Na anacheka.

Ngara_Juu: Boss pole, lakini ulishuka ama ulikasirika ukiwa umekaa?

Mwenye uzi: Nilishuka Pangani. Hata nikishuka makanga alikuwa bado anacheka.

Kaka_Temeke: Mkuu yaani kelele zote hizi kisa harusi? Sisi huku uwanja tuliokulia wamejenga fremu za maduka, ndondo tunacheza barabarani tunapisha bodaboda. Bora wewe wenu una majani.

Mutoto_wa_Kampala: Nyinyi Wakenya 2003, 2003, kila siku 2003. Sisi Uganda tulienda Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, 2024, tukawapiga Papua New Guinea kule Guyana. Mlikuwa wapi?

Ngara_Juu: Harusini 😂😂

Mwenye uzi: Wewe ndiye unampa huyo jamaa nguvu.

Gahanga_Moja: Kigali tulifungua uwanja wetu wa Gahanga 2017, ni wa kriketi. Karibuni mcheze, hakuna hema.

Mama_Shiru: Cha kuuma ni 2027. Kombe la Dunia linarudi Afrika na wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Namibia! 2003 sisi ndio tulikuwa kwa hiyo nafasi. Huyo wa redio angeulizwa hilo, labda angenyamaza.

Kaka_Temeke: Na hizo redio za kwenye daladala nani aliruhusu? Juzi nimeshuka masikio yanapiga filimbi mpaka usiku.

Thika_Superhighway: Heri wewe ni masikio. Mimi nimelipishwa mia na hamsini kwa matatu jana jioni, bei ya mvua, na hakukuwa na hata tone la mvua.

Mama_Shiru: Mia na hamsini kutoka wapi?

Mwenye uzi: Jamani uzi ni wa Gymkhana.

Thika_Superhighway: Tao hadi Roysambu. Na chenji ya mia mbili sijaona mpaka saa hii.

Ngara_Juu: Ni matatu gani, ile ya bluu? Hao ni wezi walai, mimi wananidai heshima tangu Desemba.