Namba za gari kwenye lori lililotoka jeshini: nani ameshapita njia hii?

Kutoka: Baba Neema, Nakuru

Ndugu zangu Watanzania tulioko Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, wakubwa shikamooni, wadogo poleni na majukumu.

Wengi mnajua biashara yangu ya vitunguu kutoka nyumbani imeyumba. Sasa nanunua viazi Molo na Kuresoi, navileta sokoni hapa Nakuru. Mvua zikianza, malori ya kawaida hayafiki shambani, yanabaki lami na mkulima anabeba magunia kwa punda. Kwa hiyo nimenunua Bedford linalovuta kwa magurudumu yote, lililokuwa la jeshi. Aliyeniuzia ni mkulima wa Njoro, naye alilinunua kwa mtu aliyelipata mnadani. Gari lilishasajiliwa kiraia, lina namba ya K kama magari mengine. Uhamisho wa umiliki tumefanya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, yeye akaanzisha na mimi nikakubali kwa kitambulisho cha mgeni na pini ya KRA, mamlaka ya kodi ya hapa Kenya.

Balaa limekuja kwenye ukaguzi. Mkaguzi hakugusa breki wala usukani. Alilizunguka gari, akasema halina namba. Namba zipo! Ya mbele imefungwa kwa waya kwenye grili. Ya nyuma iko kwenye mlango wa bodi, na ni kweli mlango ukishushwa namba inatazama chini. Isitoshe, kwenye bampa namba ya zamani ya jeshi, ile yenye KA katikati, bado inasomeka chini ya rangi. Ameandika nirudi na namba zilizofungwa kisheria, tena na barua inayoonyesha gari liliondolewa jeshini. Muuzaji wangu ana fotokopi ya stakabadhi ya mnada, basi.

Naulizia mambo mawili. Namba nizifunge wapi kwenye gari la aina hii? Na hiyo barua inaandikwa na ofisi ipi, mtu akiwa mnunuzi wa tatu kama mimi? Wakulima wananipigia simu, viazi vimeshachimbwa.

Naomba kuwasilisha.

---

Kutoka: Mama Rehema, Kisumu

Pole sana Baba Neema. Nenda KRA moja kwa moja, namba za magari zote zinatoka kwao kama nyumbani zinavyotoka TRA. Usizungushwe.

Mimi namba ya nyuma ya kigari changu cha samaki iliibwa usiku, kimeegeshwa nje ya geti. Nilianza polisi kuchukua abstrakti, ile karatasi ya kuripoti mali iliyopotea, bila hiyo hakuna anayekusikiliza, nikajaza maombi na kulipa. Halafu kusubiri. Muda wote huo gari limelala na samaki nasafirisha kwa bodaboda, barafu inayeyuka njiani. Ukiuliza, unaambiwa bado hazijafika. Hasara ile hakuna aliyenirudishia. Kwa hiyo nakuelewa, kaka yangu.

---

Kutoka: Fundi wa Kondele, Kisumu

Dada, kwa heshima zote, usimpoteze mtu. KRA ni kodi na ushuru. Usajili na namba ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Zamani ndiyo, KRA walikuwa wanasajili magari, lakini hiyo ni zamani. Mtu akienda dirisha lisilo lake anapoteza siku nzima kwenye foleni.

Baba Neema, nimefanya kazi kwenye malori ya aina hiyo, haya nitakayokuambia yalitakiwa kufanyika kabla hujalipeleka ukaguzi.

Mbele, achana na grili. Gari likitikisika, waya unakatika na namba unaiacha matopeni. Bampa la Bedford ni chuma kinene chenye uso bapa. Toboa pembeni ya kulabu za kuvutia, weka bati nyuma ya namba ili isipinde, kaza kwa bolti na nati za kujifunga. Namba isimame wima, isilale wala kufichwa na kulabu. Hiyo rangi ya jeshi usipake juu yake, inarudi kila ikipigwa jua. Kwangua mpaka chuma kionekane, piga praima, ndipo upake. Askari wa barabarani akiona namba mbili tofauti kwenye bampa moja ana haki ya kukusimamisha, na mimi ningekuwa yeye ningekusimamisha.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Katikati kuna ndoano kubwa ya kuvutia trela, usiweke hapo. Mlango wa bodi usiweke kabisa. Tengeneza mkono wa chuma bapa, ufunge kwa bolti kwenye fremu ya bodi, upande mmoja karibu na taa. Usichomelee kwenye chesi! Chesi ya lori ikichomwa ovyo hupoteza nguvu pale pale, na utakuja kuona ufa ukiwa umebeba mzigo. Ukilazimika kuchomelea mkono wenyewe, uchomelee ukiwa chini, mbali na gari. Turubai likatwe au lifungwe lisishuke likaziba namba.

Taa ya namba: Bedford hizo ni volti 24. Watu hununua taa ya gari dogo ya volti 12, inawaka vizuri mara moja halafu inakufa. Tena angalia swichi ya taa. Gari la jeshi lina mkao wa msafara wa usiku, unaozima taa za kawaida na kuacha kitaa kidogo chini kinachomulika difu, lile tufe la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ili dereva wa nyuma afuate. Swichi ikibaki huko, utaapa taa ni mbovu. Fundi wengi wameng'oa nyaya nzima kwa sababu hiyo tu.

Kama namba zako ni zile za zamani, omba za kizazi kipya kabisa, zilizoanza na KDK mwaka 2022. Ni shilingi 3,000, unaomba kwenye eCitizen. Nyeupe mbele, njano nyuma, usizibadilishane.

---

Kutoka: Mwalimu, Kakamega

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, ila swali la barua halijaguswa.

Mpwa wangu yuko Texas, naye alinunua lori la jeshi la Marekani, M35, la tani mbili na nusu. Kule serikali ikiuza gari la jeshi hutoa fomu inaitwa SF 97. Hiyo ndiyo mnunuzi anaipeleka ofisini kuombea hati ya umiliki na namba. Bila SF 97 gari ni chuma cha shambani. Na wapo waliouziwa Humvee kwa karatasi iliyosema ni ya nje ya barabara tu, majimbo mengine yakawakatalia namba. Uingereza nako jeshi lao hutoa karatasi ya kuliondoa gari kazini, Fomu 654, inayoonyesha lilitengenezwa lini. Mnunuzi anaiambatanisha na fomu ya usajili, V55/5, anapeleka DVLA, ofisi yao ya kusajili magari.

Ninachosema ni kwamba kila nchi ina karatasi moja ambayo ndiyo mama wa nyingine zote. Tafuta ya Kenya inaitwaje.

---

Kutoka: Fundi wa Kondele, Kisumu

Mwalimu, ndicho anachouliza! Ameuliza karatasi ya Kenya, wewe umempa ya Texas na ya Uingereza. Mtu ana viazi.

Ninachojua ni kwamba mali ya serikali hapa huuzwa kwa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, kwa mnada au zabuni. Kwa hiyo kumbukumbu za mnada lazima zipo mahali. Arudi kwa yule mnunuzi wa kwanza, siyo wa Njoro, yule wa kwanza kabisa. Yeye ndiye jina lake limo.

---

Kutoka: Dada wa Milimani, Nakuru

Ongezeni jambo la rangi. Rangi ya gari imeandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Kama logibuku inasema kijani na wewe umelipaka bluu, inabidi ubadilishe maelezo NTSA na gari likaguliwe. Kama inasema bluu na gari bado ni kijani cha jeshi, tatizo ni lile lile. Baba Neema, logibuku yako inasemaje? Na ushuru wa forodha ulilipwa? Serikali huingiza magari mengine kwa msamaha wa kodi, na yakienda kwa raia, kodi inadaiwa chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Hapo ndipo KRA inaingia, kwa hiyo Mama Rehema hakukosea yote.

---

Kutoka: Mama Rehema, Kisumu

Asante dada. Nilijua sikuwa nimepotea kiasi hicho.

---

Kutoka: Mzee wa Musoma, Kisumu

Wanangu, marahaba kwa wote.

Ninawasoma na moyo unaniuma. Nilikuja Kisumu kwa meli. MV Victoria ilikuwa inatoka Mwanza jioni, mtu unalala, unaamka Kenya. Reli ilikuwa moja, bandari moja, posta moja. Mabehewa yalikuwa yanapakiwa kwenye meli za Umoja na Uhuru yakavuka ziwa yakiwa na mizigo yake, Mwanza, Kisumu, Port Bell. Ikaja 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjwa na watu wachache waliokaa mezani, wakagawana vichwa vya treni. Sisi tukabaki huku na makaratasi ya wageni, ziwa likiwa lile lile.

Jumuiya imerudi tangu mkataba wa 1999, Soko la Pamoja tangu 2010. Mtanzania ananunua lori Nakuru kubeba viazi vya Mkenya, watu wa Nairobi wanakula. Huyu anatakiwa apigiwe makofi. Badala yake anatafuta barua asiyojua iko wapi. Viongozi wakutane Arusha wazungumzie hilo, siyo nyimbo na bendera tu.

Jioni nikikaa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, nikitazama maji, najua upande wa pili kuna sato wanaokaangwa Mwanza na hakuna anayejua kuwakaanga hivyo huku.

---

Kutoka: Mama Rehema, Kisumu

Shikamoo mzee. Sato wangu uliwala wewe mwenyewe ukawasifu, sasa leo hakuna anayejua!

Lakini kuhusu viongozi naomba tuseme yote. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wageni biashara ndogo za aina 15, na majirani zangu sokoni waliniuliza mimi, kana kwamba niliitia saini. Mmoja aliniambia, basi na wewe rudi kwenu. Nimeuza naye miaka na miaka. Jumuiya inabomolewa pande zote, mzee, siyo Nairobi tu.

---

Kutoka: Mwalimu, Kakamega

Amri ile ilikuwa na sababu zake. Kuna Watanzania waliokuwa wananyang'anywa riziki Kariakoo.

---

Kutoka: Dada wa Milimani, Nakuru

Jamani, tuyaache haya ya Kariakoo. Tulikubaliana humu ni mambo ya makaratasi na maisha ya huku. Baba Neema umefikia wapi?

---

Kutoka: Baba Neema, Nakuru

Asanteni nyote. Fundi, Mungu akubariki. Bampa limekwanguliwa na namba ya KA imeisha kabisa. Ya mbele imekaa kwa bolti, ya nyuma ina mkono wake na taa ya volti 24, na swichi kweli ilikuwa kwenye mkao wa msafara. Logibuku inasema kijani na gari ni kijani, kwa hiyo dada, hapo niko salama. Namba za kizazi kipya nimeshaomba.

Mnunuzi wa kwanza nimepata jina lake tu, amehamia Pwani na simu aliyoacha haipatikani. Kwa hiyo swali la barua bado liko pale pale. Nirudi kwa aliyeendesha mnada, au niandike jeshini, na kama ni jeshini, dirisha gani linapokea raia? Tena raia wa nje? Ofisi niliyouliza wamesema wao wanaipokea tu, hawajui inatoka wapi.

Mwenye kulijua hili kwa gari lake mwenyewe, tafadhali.

---

Kutoka: Kaka wa Langas, Eldoret

Habari zenu wadau. Sijui habari ya barua. Baba Neema, hilo Bedford linakodishwa? Nina mbao zimekwama msituni upande wa Kapsabet na fuso haliwezi kile kilima. Bei yako ni kwa siku au kwa safari?