Naomba ushauri: kumbukumbu za shule ya wavulana ya Swansea kabla ya 1941

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Ninaandika makala kuhusu shule ya zamani ya wavulana ya Swansea, Wales, iliyoanzishwa 1682 na Askofu Hugh Gore kwa ajili ya watoto wa kiume wa wenyeji maskini wa mji. Mshairi Dylan Thomas alisoma hapo 1925 hadi 1931, baba yake akifundisha Kiingereza hapo hapo. Februari 1941 ndege za Kijerumani ziliupiga mji usiku tatu mfululizo, na majengo ya shule pale Mount Pleasant yakaharibiwa vibaya.

Nimekwama kwenye miaka ya 1920 hadi 1941, na ndiyo ninayoijali zaidi, maana nataka wanafunzi wa kawaida nao waonekane, siyo Dylan peke yake. Magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Wales nimeyapitia, lakini yanaishia 1919.

Kwa aliyewahi kufanya utafiti huko: rejista za wanafunzi na majarida ya shule ya enzi hizo niulizie kwanza shuleni au kwenye hifadhi ya nyaraka ya Swansea? Na je, hutuma nakala kwa mtu aliye mbali? Mimi niko Morogoro.

Natanguliza shukrani.