Koma kwenye Toki Pona: niweke wapi, niache wapi?

mgeni_wa_lugha:
Wakuu, salaam. Toki Pona, lugha ya kubuniwa, ina herufi 14 tu na maneno 120 na ushee, lakini kila anayeiandika ana alama zake. Huyu anaweka koma baada ya "la" (neno linalotenga mazingira na sentensi kuu), yule haweki. Kuna sheria au ni mtindo? Na alama ya kuuliza ni lazima?

nukta_mkato:
Sheria hakuna mkuu, ila zipo koma zinazogeuza maana. Chukua "mi pana e tomo tawa sina". "Tomo" ni nyumba, "tawa" ni mwendo, au "kwenda kwa". Zikishikana, "tomo tawa" ni gari. Msomaji anabaki njia panda: natoa gari lako, au nakupa nyumba? Andika "mi pana e tomo, tawa sina" na gari limeondoka. Koma hiyo inafaa kabla ya tawa, lon (kwenye), tan (kutoka), kepeken (kwa kutumia) na sama (kama), pale tu neno linapoweza kung'ang'ania lililotangulia.

"Tenpo ni la mi moku" (sasa hivi nakula) haihitaji koma. "La" yenyewe ndiyo mpaka. Ukiiweka ni pambo tu. Kabla ya "li" (hutangulia kitenzi) na "e" (hutangulia mtendwa) usiweke kabisa.

Bi_Herufi:
Usisahau nukta pacha: "ona li toki e ni: mi moku", yaani amesema hivi, nakula. Ukiweka nukta ya kawaida, "ni" (hivi) inaweza kurudi nyuma, na msomaji akaanza kutafuta huko juu ni nini kilichosemwa.

Alama ya kuuliza ni hiari. Katika "sina wile ala wile moku" (unataka kula?) neno limerudiwa na "ala" (si) katikati, basi swali limeshaulizwa. "Seme" (nini) nayo ni vivyo hivyo.

mgeni_wa_lugha:
Shukrani. Na nisipotaka koma hata moja?

nukta_mkato:
Vunja sentensi: "mi pana e tomo. ni li tawa sina." Usikimbilie "tawa sina la mi pana e tomo", hiyo inasomeka "kwa mtazamo wako".

Bi_Herufi:
Penye "o" (ya kuita au kuamuru) mimi singeiacha koma. "Jan Juma o kama" ("jan" ni mtu) ni "Juma njoo" na pia "Juma na aje". "Jan Juma o, kama" ni njoo tu. (Jina litamkwe Yuma, j yao ni y yetu.) Halafu zima herufi kubwa za kujiweka zenyewe kwenye simu. Herufi kubwa ni ya majina peke yake, hata mwanzo wa sentensi hauipati. Hapa juu tumeichomeka kwa mazoea ya Kiswahili.